Sajini Okello na Filimbi ya Maktaba

Kampala,
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Kaka Mwakio ameniambia umeanza tena kupanda mlima kwenda kanisani kwa miguu, na ukikatazwa unajibu kwamba goti ni lako. Ni lako kweli, Mama, lakini ukianguka sisi ndio tutakaokubeba. Huku tu wazima. Kazi ya duka la vigae inaendelea, na mjukuu wako Wakesho ametimiza miaka kumi. Viatu vyangu sasa vinamtosha, kwa hiyo mimi sina viatu.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu habari hii ni ndefu, na kwenye simu wewe huuliza "nini?" mpaka utamu wote unakwisha.

Kuna maktaba ndogo huku Bugolobi, karibu na maghorofa. Walianzisha darasa la muziki kila Jumamosi, Wakesho akataka kwenda. Nikampeleka, nikatafuta kiti nipumzike. Mwalimu, kijana mmoja mpole sana, akanijia na filimbi ya plastiki.

"Mama, hapa hakuna kukaa bure," akasema. "Mtoto anakuja na mtu mzima, na wote wanajifunza."

Wewe unanijua. Ulinitoa mwenyewe kwenye kwaya ya watoto, ukasema nikanyamaze kwa utukufu wa Mungu. Lakini nilishika filimbi. Kumbe kuna sheria nyingine: mwalimu anawafundisha watoto kwanza, kisha kila mtu mzima anafundishwa na mtoto asiye wake. Mimi nikapewa Nakato, wa miaka minane, ambaye hunipiga vidoleni na penseli. Wakesho akapewa Sajini Okello.

Huyu ni mzee kutoka kaskazini, askari polisi mstaafu, mrefu kama mlango. Tangu mkewe afariki anakaa kwa mwanawe upande wa Kibuli, na Jumamosi ndiyo siku pekee anayotoka nyumbani, akiwaleta wajukuu. Alipoambiwa mwalimu wake ni Wakesho, alicheka mpaka kofia ikadondoka.

"Huyu mutoto afundishe mimi? Mimi nilikuwa kwa bendi ya polisi! Mimi nilipigia wakubwa!"

Basi tukamheshimu. Watoto walimpigia saluti, na mwalimu akatangaza kwamba tukija kuonyesha watu kazi yetu, Sajini ndiye atakayeanza, peke yake.

Siku ya kuonyesha ilikuja mapema kuliko tulivyotaka, kwa sababu ya kelele. Ukutani pameandikwa KIMYA kila mahali, na sisi ni watu ishirini na filimbi. Wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani walilalamika. Mmoja wao anayesomea sheria, mwenye miwani, aliandika barua ya kurasa mbili. Mkuu wa maktaba, Bi Namusoke, akatuita. Yeye ni Muganda, na herufi ya L na ya R kwake ni ndugu.

"Wasomaji wanaria," akatuambia. Alikuwa na maana kwamba wanalia. "Jumamosi mutapiga wimbo mumoja mbere yao. Wakipenda, mutabaki. Wakikataa, nafunga."

Jioni hiyo Wakesho hakula. Yeye! Nikamwuliza ana nini, akaanza kulia.

"Mama, babu Okello hajui kupiga. Hajui hata kidogo. Anachezesha vidole tu, hapulizi."

Wakesho aligundua tangu siku ya kwanza, na mzee akamwomba asiseme. Kila Jumamosi walikuwa wakijificha nyuma ya rafu ya vitabu vya kilimo, mahali ambapo hafiki mtu, Wakesho akimfundisha. Mpaka siku hiyo mzee alikuwa amejua nota nne tu. Wimbo ulianza na nota kumi na mbili, zote za Sajini peke yake.

"Kwa nini usimwambie mwalimu?" nikamwuliza.

"Nilimwahidi babu. Na akiaibika hatakuja tena, atakaa tu ndani."

Nilimwambia akalale, nikabaki nikiwaza, halafu nikafanya mazoezi yangu kidogo mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumamosi ikafika. Watu walijaa. Wanafunzi walikunja mikono, yule wa sheria akakaa mbele na kalamu. Mwanawe Sajini alitoka kazini moja kwa moja akiwa na sare, akasimama mlangoni. Mzee alikuwa amevaa koti lenye vifungo vya shaba, viking'aa kama vioo. Akasimama katikati, akajaza kifua, akapuliza.

Nisamehe, lakini ilitoka sauti kama ya mbuzi aliyekanyagwa.

Hakucheka mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nakato aliingiza ncha ya filimbi yangu mdomoni mwangu ili nisicheke mimi. Sajini akaitazama filimbi yake, kisha akamtazama mwanawe. Akaishusha.

"Mimi naongopea nyinyi," akasema. "Mimi sikupiga kwa bendi. Mimi nilisugua tarumbeta. Miaka kumi na moja nasugua tu. Walisema watafundisha mimi, halafu wakanipeleka kulinda daraja." "Huyu mutoto ndiyo mwalimu yangu. Nimejua nota ine. Mutasikia hizo ine."

Akazipiga. Polepole, zote nne, safi kabisa. Wakesho akaipokea ya tano bila kuambiwa na mtu, akaenda nazo mpaka ya kumi na mbili, ndipo sisi wengine tukaingia. Mimi niliingia mapema. Nikatoka, nikaingia tena nikiwa nimechelewa. Lakini wimbo ulifika mwisho, na watu wakapiga makofi, hata mtu mmoja aliyekuja kurudisha kitabu tu.

Mwanawe Sajini akapita katikati ya viti, nikadhani ameudhika.

"Baba," akasema, "sisi tulijua."

"Mulijua nini?"

"Mama alituambia tukiwa wadogo. Akatukataza tusikuambie kwamba tunajua."

Mzee alikaa chini kwenye kiti cha watoto, na kiti kikavunjika. Hapo ndipo maktaba nzima ilipocheka, naye akicheka kuliko wote, machozi yakimtoka, asikubali kuinuliwa.

Tumebaki, Mama. Yule wa sheria alisimama akasema anaondoa barua yake, ila ameomba kwamba mama wa vigae, yaani mimi, apulize kwa upole. Jumamosi iliyofuata Sajini alikuja na mwanawe, akamkalisha mbele ya Wakesho. "Vua kofia," akamwambia. "Mwalimu iko hapa."

Nisalimie kaka Mwakio na wifi yangu, mwambie wifi sweta limemfaa Wakesho. Nisalimie shangazi wa kwaya, na babu mdogo anayefuga nyuki, na mama mchungaji. Desemba tukijaliwa tutakuja, na mjukuu wako atapiga kanisani. Mimi nitakaa nyuma, usiogope.

Neno moja la mwisho. Tangu siku ile ninamkumbuka sana marehemu Baba, na ile habari yake kwamba kabla ya kukuoa aliimba redioni, na kwamba mlima mzima ulimsikia. Nimeisimulia habari hiyo kwa kila mtu huku Kampala. Mama, kama ni kweli, niandikie. Kama si kweli, nitumie tu maharagwe.

Ni mimi bintiyo, ninayekubusu mikono yote miwili,
Mghoi