Bei ya Mkeka wa Mama

Mjukuu wangu Somoe, mke mwenzangu,

Hapa Naipingo tu wazima, babu yako yuko kwenye mikorosho. Umeuliza kama kwenye fomu ya blanketi unalonitumia kutoka Ujerumani uandike bei ndogo, nisije nikatozwa ushuru mkubwa.

Nilipokuwa msichana, mama alimpelekea dada yake aliyeolewa Msumbiji mkeka aliousuka masika yote. Tulipofika mpakani, Ruvuma, afisa wa forodha akauliza bei. Mama akataja kubwa mno, hata mimi nikashtuka.

"Mama, punguza," afisa akamwambia kwa sauti ya chini. "Ushuru unafuata bei unayotaja."

"Mkeka wa dada yangu niuite wa bei rahisi mbele ya watu?"

Akafungua pindo la kanga, akalipa kwa hela zote za safari. Yule afisa akasimama, akaukunja mkeka mwenyewe, akamkabidhi kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Tulirudi kwa miguu, siku tatu. Njia nzima nilimtazama mama kama vile simjui.

Andika bei kamili, Somoe. Ushuru wake nimeshaufunga kwenye pindo la kanga.

Bibi yako