Mbwa Aliyeuma Wenye Adabu

Idjwi, 6 Septemba 1998

Kwa binti yangu Nsimire,

Nakusalimu sana. Mimi ni mzima, isipokuwa goti, nalo unalijua tangu zamani. Wewe je, huko mjini? Tunasikia milio ya risasi ng'ambo ya maji, kisha watu wanasema si kitu, kisha tunasikia tena. Niambie kama unakula.

Bulonza wa boti amenieleza kwamba wazungu wa lile shirika ulilofanyia kazi walikimbia mwezi wa nane wakaacha mbwa wao, na kwamba wewe umewakusanya watano uani kwako. Nilicheka peke yangu. Mtoto aliyekuwa anakimbia hata kuku! Sasa nina ombi: unipe mmoja. Tangu maman yako atuache nyumba imekuwa kubwa mno, na mbuzi wangu wawili wamechukuliwa na watu wasiopiga hodi.

Najua hatujaandikiana tangu kilio, mwaka jana. Lakini hii ni barua ya mbwa, si ya ugomvi.

Papa yako,
Télesphore

Bukavu, 4 Oktoba 1998

Papa mpendwa,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Nashukuru kwamba uko mzima. Goti ulikande kwa maji ya moto, usilizembee. Mimi nakula. Ofisi wameipora mpaka vitasa vya milango, lakini mimi sikuguswa.

Kuhusu mbwa nitakuambia ukweli wote, maana nilishawahi kuuficha. Wa kwanza nilimpa jirani yangu Chantal. Mbwa yule alikuwa anamrukia yeyote anayesogelea sahani yake. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka apate nyumba haraka. Haikupita wiki akamuuma mtoto wa Chantal shavuni. Watu walimuua mbwa kwa mawe mbele ya mlango wangu. Mtoto amebaki na kovu, na Chantal hanisalimii mpaka leo, naye ana haki. Tangu siku hiyo nina sheria yangu: hakuna anayechukua mbwa kabla hajakaa naye siku tatu hapa kwangu, na kabla sijamsomea makosa yake yote kwenye karatasi, kama padri anavyotangaza ndoa. Watatu wamepata watu kwa njia hiyo, na wote wametulia.

Amebaki mmoja, naye ndiye mgumu kuliko wote. Jina lake ni Komanda. Majuzi nilimpigia kelele barabarani, "Komanda, kaa chini!", na askari wawili wakageuka. Sasa namwita Polepole. Makosa yake: hapendi mabuti, hapendi fimbo, na akilala usimguse. Papa, wewe ni muzee. Sitaki kukuzika kwa sababu ya mbwa. Lakini kama bado unamtaka, njoo ukae naye siku tatu.

Binti yako,
Nsimire

Idjwi, 29 Novemba 1998

Kwa binti yangu,

Natumaini hujambo tangu tulipoagana bandarini. Siku zile tatu nilizokaa kwako tulikula vizuri na tukaongea habari za mbwa tu, kama madaktari wawili wa mifugo. Mengine tuliyaruka.

Leo sina habari nzuri. Mwezi mzima Polepole alikuwa mwema. Fimbo yangu niliitupa, mabuti nayaacha shambani, na usiku analala mlangoni. Jana jirani yangu Maombi, yule dada anayeniletea maziwa, alifika langoni. Hakuvaa mabuti wala hakushika fimbo. Alinisalimia tu kwa adabu zake zote, makofi mawili na kuinama, kama tunavyosalimia wazee huku kisiwani. Mbwa akamrukia, akamng'ata mkono mpaka nilipomvuta kwa shingo.

Kaka yake amekuja na panga. "Muzee, hii imbwa tunaua leo. Ikishaonja mutu, haiache." Nimemwomba anipe siku kumi. Amekubali kwa sababu nilimfundisha kusoma, lakini hajacheka.

Nsimire, nijibu kwa ukweli. Kuna kosa uliloliacha nje ya karatasi? Nimemzoea mbwa huyu kuliko nilivyofikiri. Lakini siwezi kumlinda kwa uongo.

Papa yako,
Télesphore

Bukavu, 3 Desemba 1998

Papa,

Pole sana, na Maombi umpe pole yangu ya kwanza kabla hujaendelea kusoma. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi, na aende zahanati leo hii. Polepole alidungwa sindano ya kichaa cha mbwa. Karatasi ya daktari iko humu ndani, waonyeshe. Mfunge kamba na umtazame siku zote hizo kumi.

Sikukuficha kitu, nakuapia kwa kaburi la maman. Lakini kuna kitu sikukijua. Nilipopata barua yako nilipanda mpaka mtaa wa Kadutu kumtafuta Marcellin, aliyekuwa sentineli, mlinzi wa lango, kwa mzungu mwenye Polepole. Nikamsomea maneno yako. Nilipofika kwenye makofi akashika kichwa, akasema ndiyo hiyo hiyo.

"Maman, njo ile! Patron alimufundishaka: ukipiga mikono mara mbili, paf-paf, imbwa inakamata mwizi. Mi nilisahau kukuambia."

Umeona, papa? Mbwa wetu anauma wenye adabu. Alikaa kwangu zaidi ya miezi miwili na hakuna hata mmoja aliyepiga makofi uani, maana mjini tunapeana mkono. Na wewe uliposhuka kwenye boti, mimi mwanao nilikupa mkono. Ningekusalimia kama mtoto wa Idjwi, mlangoni kwangu, mbele ya mbwa, tungejua siku ile ile, na Maombi angekuwa mzima.

Na kwenye kilio pia. Nilifika nimelia njia nzima, nikakunyooshea mkono badala ya makofi mbele ya wazee, nawe ukanigeuzia mgongo. Jioni ndipo nilipoelewa kwa nini. Kisha nikashikwa na kiburi, mwaka mzima. Nisamehe, papa.

Marcellin anasema tabia hiyo inaweza kumtoka. Mbwa awe amefungwa. Mtu apige makofi akiwa mbali sana, kidogo tu, na wewe umpe samaki papo hapo, kabla hajafikiri. Kila siku mtu asogee hatua moja. Mbwa akinguruma, mtu arudi nyuma. Ikikushinda, mrudishe kwa boti ya Bulonza. Nitampokea. Ila usimpe mtu mwingine.

Binti yako,
Nsimire

Idjwi, 22 Desemba 1998

Nsimire wangu,

Amani ya Noeli iwe kwako. Siku kumi zimepita, mbwa hana kichaa, na jeraha la Maombi limefunga. Kaka yake bado anapita mbali, lakini panga ameliacha nyumbani.

Nimetangaza mlima mzima: kwangu hakuna kupiga makofi. Unajua nimejinyima nini? Wazee wenzangu wanasema nimekuwa muzungu. Watu wananipitia na "jambo", kama wanamsalimia muuza chumvi. Siku ya kwanza iliniuma kweli. Siku ya nne nilisahau. Ndipo nikajiona siku ya kilio: mtoto amefiwa na mama yake, amekuja akilia, na baba yake anahesabu makofi. Usiniombe msamaha wewe. Ni mimi.

Kazi ya samaki tumeianza. Sambaza wawili, wale samaki wetu wadogo wa ziwani, kwa kila kofi. Unajua nani anapiga? Maombi mwenyewe, kutoka kwenye migomba. Nilimkataza, akaniambia, "Mi njo ilinikamata, mi njo nitaifundisha." Amefikia mgomba wa sita.

Njoo Pasaka. Usipige makofi. Njoo tu.

Papa yako,
Télesphore

Bukavu, 9 Machi 1999

Papa,

Uko salama? Barua yako ya Noeli imenifikia jana. Boti zilizuiwa wiki na wiki, na Bulonza aliitembeza mfukoni mpaka ikapasuka mikunjo. Nimeisoma yote, hata palipofutika.

Nataka kuja. Lakini kila siku wanasema neno jingine bandarini: leo ruhusa, kesho hapana. Ukiona sikufika, ujue ni boti, si moyo. Na usiningoje kule chini, goti lako halipendi ule mteremko.

Binti yako,
Nsimire

Idjwi, 3 Aprili 1999, Jumamosi ya kuamkia Pasaka

Nsimire wangu,

Naandika barazani, mbwa miguuni. Boti ya jana ilifika bila wewe, na ya leo hakuna anayeijua. Nilikutii, sikushuka. Nimekaa hapa natazama maji kama mtu anayelidai ziwa deni.

Nikupe habari za mwanafunzi wetu. Tangu Jumatano ya Majivu Maombi anapiga makofi palepale langoni, na Polepole anaketi. Hangurumi tena. Ananitazama mimi, kisha mfuko wa samaki, kisha mimi. Kaka yake alikuja kujionea, akapiga mara tatu asiamini, na sambaza wangu wa siku nzima wakaisha. Wiki hii nimewaruhusu watu kunisalimia kama zamani, ila kila mgeni akohoe kwanza nimshike mbwa kamba, na Bulonza anawatangazia hayo abiria wake wote. Ajabu ni kwamba sikuwa tena na kiu ya...

Kuna mtu langoni. Amekohoa kwanza, nami nimeshika kamba. Sasa amepiga makofi mawili, taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, namna maman yako alivyokuwa anakufundisha pale pale ukiwa na miaka mitatu. Polepole ameketi. Anatazama mfuko.

Goti hili linachelewa. Ngoja, mwanangu, nakuja kukufungulia.