Chupa Tatu za Baba Esperance

Jumatatu, 3 Februari

Zamu ya asubuhi. Mashuka ya hoteli, kama kawaida. Mgongo umekwisha. Nimerudi nimemkuta Baba Zawadi ameweka mguu juu ya stuli, anaangalia mpira bila sauti. Mguu umevimba tena. Nimemuuliza kama amemeza dawa, akasema ndiyo. Nimeangalia kopo. Anameza kidonge kimoja badala ya viwili. Anajiona mjanja, anavuta siku.

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa lipi? Ghalani walimwachisha alipoanza kuugua, bima ikaondoka na kazi. Ile bima ya jimbo tumenyimwa kwa sababu ya overtime yangu ya Krismasi, eti mshahara umevuka mstari. Yaani nilijiua na mashuka ya wageni ili nimnyime mume wangu dawa. Hongera kwangu.

Daktari alisema wazi. Dawa ikikatika, damu itaganda tena, na safari hii haitaishia mguuni.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeenda kwa Mama Esperance kuazima sufuria. Anakaa milango miwili kutoka kwetu. Yeye mtu wa Uvira, ng'ambo ya pili, sisi wa Kigoma, ziwa ni lile lile. Hapa ugenini Louisville sina ndugu mwingine. Alikuwa anakaanga ndagala, dagaa wa kwetu ziwani, akaniambia nijichukulie mwenyewe kabatini.

Nyuma ya unga wa fufu nikaziona. Chupa tatu, jina la marehemu mumewe. Dawa ile ile ya Baba Zawadi, nguvu ile ile. Karatasi ya mdomoni haijatobolewa.

Nimemwomba pale pale. Amekataa.

"Mama Zawadi, miye naogopa. Ku interview ya uraia banaulizaka kama ulishaka kugawa dawa bila ruhusa. Donc, basi niseme nini? Niongope?"

Halafu sasa ni mjumbe. Jimbo linapanga mpango wa kukusanya dawa ambazo watu hawakuzitumia, ziende kwa wasio na bima. Kuna kamati, na yeye wamemweka aseme kwa niaba yetu sisi wageni. "Ungojee programme," akaniambia. "Itapita mu njia ya muzuri."

Ningoje. Aiambie damu nayo ingoje.

Sufuria nimeisahau kule kule.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani Mama Esperance ameombewa kwa sababu ya kamati. Kitenge kipya, kilemba kirefu. Kila akitoka mkutanoni anatuletea keki imefungwa kwenye tishu. Mkutano wa juzi walijadili jina la mpango. Uliotangulia, nembo. Mikono miwili au mikono na moyo. Hawajaafikiana.

Keki nimeila. Ilikuwa tamu, na ndicho kilichoniudhi.

Mwanetu Zawadi nimemweleza habari ya zile chupa, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba kumpa mtu dawa ya mwingine ni kosa la jinai. Wanafundishwa shuleni. Nikamuuliza kama wanafundishwa pia namna ya kumzika baba. Alilia. Nimejuta, lakini sikumwambia.

Binamu wa Buffalo kapiga simu, tuhamie kwake, huko ni jimbo jingine, bima inapatikana. Kuhama na mguu ule, baridi ile, kwa gari letu lile. Kuongea ni rahisi.

Kliniki ya bure wametupa sampuli za dawa ile. Kidogo. Wamesema hawana nyingine.

Jumatano, 26 Februari

Leo kamati ilikaribisha umma. Nimeomba ruhusa kazini, nikapanda basi moja na Mama Esperance. Nilikuwa na maneno yangu kichwani, nimeyapanga wiki nzima. Nilitaka kusema kitu kimoja tu: dawa zipo majumbani kwa watu, zichukueni huko, wagonjwa wapo mtaa ule ule.

Ukumbi mzuri. Watu wazuri. Kila mtu anatabasamu. Mwenyekiti, mama mmoja wa miwani kichwani, akamgeukia Mama Esperance. Je, watu wa jamii yenu watakubali dawa iliyotoka nyumbani kwa mtu mwingine? Mkalimani akatafsiri.

Mama Esperance alivuta koti lake likakaa vizuri. Kisha akasema, "Apana. Kwetu batu habakubali kumeza dawa ya mutu alikufa."

Walitikisa vichwa wote kwa heshima. Wakaandika. Mwenyekiti akashukuru kwa kuelimishwa kuhusu mila zetu. Hata saa sita haijafika wakawa wamekubaliana: dawa za majumbani hazipokelewi. Zitatoka nyumba za wazee na maduka ya dawa tu, na hilo nalo litaangaliwa tena vuli.

Mila gani? Tunavaa makoti ya marehemu. Tunalalia vitanda vyao. Koti alilovaa pale ukumbini ni la mumewe.

Nilinyoosha mkono. Muda ulikuwa umekwisha. Kwenye basi nilikaa nyuma peke yangu. Ninamchukia. Nimeandika hivyo na sifuti.

Ijumaa, 28 Februari

Kopo letu lilishaisha, na sampuli zimekwisha jana. Leo Baba Zawadi ameshindwa kupanda ngazi, amekaa chini katikati, anahema, anacheka ili nisiogope. Nimemwacha hapo na Zawadi nikaenda kwa Mama Esperance. Sikupiga hodi.

Nilimwambia yote. Kwamba keki zake azile mwenyewe. Kwamba mume wangu akifa asikanyage kwangu, asinipikie, asinililie. Kwamba anaficha uzima wa mtu nyuma ya unga wa fufu kwa sababu ya karatasi ya uraia.

Akasema si uraia.

Akavuta kiti, akakaa. Hakulia. Alikuwa anaongea na meza.

"Weye hujauliza sababu gani zilibakia tatu muzima. Hata kamati habajauliza. Pasta yetu alimuombea, akasema amepona. Bwana yangu alitaka aendelee kumeza. Miye njo nilimukataza. Nilisema kumeza ni kukosa imani. Zilikuwa zinafika ku posta, miye naweka mu kabati. Moja. Ingine. Ingine."

Mafuta yalikuwa yanaungua jikoni, nikazima jiko mimi.

"Bon," akasema. "Sasa bwana yako akimeza, akapona, bwana yangu alikufa na nini?"

Jibu nilikuwa nalo, hata yeye alikuwa nalo. Nilitoka. Sikumwonea huruma wakati ule. Nilikuwa nahesabu vidonge kichwani.

Jumamosi, 1 Machi

Asubuhi nimefungua mlango, mfuko wa plastiki unaning'inia kwenye kitasa. Chupa tatu. Jina limekwanguliwa kwa kisu, mpaka plastiki imepata michubuko. Ile sufuria nayo ipo chini, imeoshwa.

Muda wa kutumika bado mrefu. Nimelinganisha na kopo letu, herufi kwa herufi. Nimetoboa karatasi kwa kidole.

Baba Zawadi akauliza zimetoka wapi. Nikasema kanisani. Akameza. Zawadi aliona, akaenda kumletea baba yake maji mengine.

Jumatano, 12 Machi

Mguu umepungua. Kiatu kimeingia. Leo ameshuka mwenyewe kuchukua barua.

Mama Esperance haji tena. Nimempelekea samaki, kanipokea mlangoni, mlango nusu.

"Bwana yako iko namna gani?"

"Anaendelea vizuri."

"Bon," akasema. Akafunga. Nilipaswa kusema neno lingine, sijui lipi. Nimelitafuta siku nzima nikikunja mashuka.

Nasikia amejitoa kwenye kamati. Nembo imepita, ni mikono miwili.

Jumapili, 30 Machi

Mvua nyepesi. Pasta ametangaza kwamba Mama Esperance anahama wiki hii, anakwenda Columbus, mtaa wa Linden, kwa binti yake. Uraia atauombea huko huko. Akaitwa mbele, tukamwimbia wimbo wa kuagana.

Kanisa zima lilisimama. Baba Zawadi naye. Tangu mwaka jana anaimba amekaa, leo amesimama beti zote, ameshika kiti cha mbele kwa mkono mmoja tu, halafu akakiachia. Sauti yake nzito, niliisahau. Watu walianza kugeuka. Mtu nyuma yangu akasema kwa sauti, Mungu amemponya, na Pasta akasema amina.

Mama Esperance alikuwa amesimama karibu na Pasta. Hakuimba. Alimtazama mume wangu tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, usoni, kisha mguuni.

Mimi nilitazama kitabu cha nyimbo.

Tumerudi kwa miguu. Baba Zawadi alitaka kutembea.