Namba moja wa Baba Jabiri

Garland, Jumapili, Julai 2019

Sasa ndiyo nimeelewa kwa nini wanabishana hivi kila Jumapili. Baba Jabiri na mdogo wake Hamisi, aliyeko Houston, walikuwa kwenye simu wakipanga vijana wa besiboli wa timu ya huku, wale wanaolelewa kwenye timu ndogo kabla ya kupandishwa kwenye ile kubwa. Nani wa kwanza, nani wa pili.

Namba moja wa Baba Jabiri ni mrushaji mmoja mrefu, mwembamba. Hamisi akacheka kwenye spika. "Kaka, huyo si mwaka jana hakuwemo hata kwenye orodha ya vijana thelathini bora?"

"Hakuwemo. Mpira ulikuwa haumtii. Wakamwacha daraja lile lile mwaka mzima, kocha akakaa naye. Mtazame sasa!"

Nikaacha vyombo, nikaja kumtazama kwenye runinga. Jamani, kijana anarusha! Mpira unanyooka kama mstari wa rula, mpigaji anabaki kushangaa.

Ijumaa kliniki walisema Jabiri yuko nyuma ya wenzake. Miaka miwili na nusu, hajaniita hata mama. Niliogopa, na sijamwambia mtu nilivyoogopa. Wamempa mwalimu wa kumfundisha kusema, anaanza kesho.

Jabiri mwenyewe alikuwa chini sakafuni na chungwa lake. Akalirusha, likagonga mlango wa friji, pu!

"Shemeji, nini hicho?" Hamisi akauliza.

"Namba moja wangu," nikamwambia.