Pikapu Yetu Inazima Kona Ile Ile

Mpendwa Mama Noh,

Natumai hujambo, wewe na wenzako mnaotuletea sauti ya redio huku milimani. Naomba unisaidie kabla theluji haijaanza, maana ikianza nitakuwa nimechelewa, na naomba usinicheke, ingawa mimi mwenyewe nikisoma hiki ninachoandika nacheka. Jina langu usilitaje hewani. Niite Mama wa Konani, na mwanangu tumwite Gibeom, ili majirani wasije wakanielekezea vidole.

Mimi na mume wangu tunakausha samaki wa theluji, wale wanaoning'inizwa kwenye chanja wakagandishwa usiku na kulainishwa mchana mpaka wakawa wa njano. Kila siku ya soko tunateremka Sokcho, mji wa pwani, kuuza na kurudi alasiri, tena kwa pikapu ile ile tuliyoinunua Gibeom akiwa shule ya msingi, na leo Gibeom ana mtoto wake wa shule ya msingi. Mama, gari limechoka. Asubuhi za baridi haliwaki mpaka tulibembeleze, mlango wangu unafungwa kwa kamba, kipasha joto kilikufa zamani, na chini chumvi ya barabarani imekula bati mpaka ukiinama kutafuta kitu kilichoanguka unaiona lami inapita. Lakini hayo yote nisingekuandikia.

Ninachokuandikia ni kona. Kuna kona juu kabisa ya njia ya mlimani, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde, mto unasikika lakini hauonekani kwa ukungu, na pikapu yetu ikifika pale inazima. Zamani ilikuwa inachemsha, mvuke unatoka kila mahali, tunashuka, mume wangu anainua viti, maana injini iko chini yake, ili ipate hewa, nasi tunakaa kwenye jiwe kubwa tukisubiri ipoe. Yeye anatoa flaski ya chai ya shayiri, mimi natoa viazi vitamu vya kuchoma, tunafungua redio kwa sababu redio ndiyo kitu pekee katika lile gari ambacho hakijaharibika, na mara nyingi sauti inayotoka ni yako, Mama Noh, kipindi chako kinatukuta pale pale.

Na pale, Mama, mume wangu anaongea.

Nyumbani haongei. Simsemi vibaya, hanywi kupita kiasi, hajawahi kuninyanyulia mkono, lakini nyumbani maneno yake ni "maji" na "mlango" na "taarifa ya habari imeanza?" Tumekaa hivyo tangu Gibeom aondoke, nikazoea, nikadhani mtu akizeeka maneno yanamwisha. Kumbe hayakuwa yamemwisha. Siku moja pale konani, ukungu umetufunika mpaka simwoni vizuri, akaniambia, "Mama Gibeom, hivi unajua mimi nilikuogopa?" Nikamwuliza, "Uliniogopa lini tena?" Akasema, "Siku ile ulipokuja kwetu na skafu nyekundu. Nikasema huyu akinikataa nitajificha wapi." Nikamwambia, "Muongo wewe, ulikuwa unatazama sahani ya keki za mchele tu." Akacheka, Mama, akacheka mpaka chai ikamwagika, nami sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tukiwa vijana. Siku nyingine aliniambia alitaka kuwa dereva wa treni. Siku nyingine alimlilia mama yake, ambaye siku ya kumzika hakumtolea hata chozi. Tukifika nyumbani anavua viatu, anawasha televisheni, basi, kimya.

Masika yaliyopita tulilipeleka gari kwa Fundi Seo akabadilisha mipira ya maji na themostati, akaliendesha mwenyewe mpaka kileleni na kurudi, akaniambia, "Mama, halijakohoa hata mara moja. Ila nikwambie ukweli, chini kumeoza na breki zimechoka. Ukitaka nilitengeneze nitalitengeneza, lakini ni kumvalisha mgonjwa shati jipya." Nikarudi nyumbani nimenyong'onyea, nikajua kona imekwisha. Siku ya soko iliyofuata tukapanda mlima, mimi moyo umenishuka, tukafika pale, na pikapu ikatikisika ikazima. Hakuna mvuke, hakuna harufu, imezima tu. Mume wangu akasema, "Limechoka, lipumzike," na flaski tayari ilikuwa mapajani mwake.

Mpaka leo halichemshi tena, ila linazima, tena pale pale tu. Mimi nadhani najua kwa nini. Siku tulipolifanyia tambiko gari likiwa jipya, tumeweka kichwa cha nguruwe, tumemwaga pombe ya mchele kwenye matairi yote manne, tumefunga samaki wetu mkavu kwa uzi mweupe na kumweka nyuma ya kiti, kila mtu aliinama akaomba ajali ziwe mbali. Mimi niliomba jingine kwa siri. Mume wangu enzi hizo alikuwa na haraka na kila kitu, nami niliinama nikasema, "Usimwachie akimbie, mfundishe kusimama." Samaki yule bado yupo nyuma ya kiti, amekuwa mweusi, na nafsi yangu inaniambia gari lilisikia na sasa uzeeni limeanza kutii.

Wiki chache zilizopita tumekaa pale, ukungu mzito, lori la mchanga likatokea konani, honi yake ikanipasua masikio, upepo ukanivua kitambaa cha kichwa, na likang'oa kioo cha pembeni cha pikapu. Mume wangu aliokota kile kioo akakifuta kwa mkono wa koti lake. Gibeom alipokuja nikamdanganya kwamba kiligongwa sokoni. Akasema, "Mama, lile si gari, ni jeneza lenye magurudumu. Nitawanunulia la umeme kabla ya theluji, halitoi hata sauti, halizimi njiani. Nipe jibu tu mwezi huu." Nikamwambia, "Muulize baba yako." Baba yake akasema, "Muulize mama yako."

Basi uamuzi umebaki kwangu. Nikikubali gari jipya, tutapita kona ile bila kusimama na mume wangu nitakuwa nimempoteza akiwa hai, amekaa nami sebuleni. Nikisema litengenezwe hili, iko siku lori halitachukua kioo tu. Usiku naota tumo ndani ya gari jipya, linaelea kwenye ukungu bila sauti, namwona mume wangu amekaa kwenye jiwe na flaski yake, namwambia dereva simama, tunamwacha, simama! Nikigeuka, dereva ni yeye.

Nitengeneze au ninunue? Na tafadhali, Mama Noh, barua hii usiisome siku ya soko, kwa sababu siku ya soko tunakusikiliza sote wawili.

Ni mimi,
Mama wa Konani

*

Mama wa Konani, dada yangu, nimekusikia. Barua yako nimeisoma kwanza peke yangu, nikaiweka, nikaenda kumtazama mume wangu alivyolala na magazeti kifuani. Huyo wangu naye maneno yake yanahesabika. Kwa hiyo usidhani nakukaripia kutoka mbali.

Lakini kukukaripia nitakukaripia. Watu wawili wazima mnakwenda kukaa kwenye kona isiyoona mbele, ndani ya ukungu, na malori ya mchanga yanapita, eti mnasubiri gari lipoe ambalo halikupata moto! Kioo kimeng'olewa, ukamdanganya mwanao. Hivi ulitaka ling'olewe nini ndipo useme ukweli? Huyo Gibeom angekuja kuokota flaski barabarani asijue hata mlikuwa mnafanya nini pale. Sina maneno matamu kwa hilo, na wewe huna haki ya kuyatarajia.

Sasa tuje kwenye gari. Wewe unaniambia lilisikia maombi yako likakaa na samaki miaka yote, likaanza kutii uzeeni. Maombi ni yako, na mimi pia nina samaki nyuma ya kiti changu, siwezi kumdharau. Ila soma tena barua yako pole pole kama vile ni ya mtu mwingine. Fundi Seo aliliendesha gari mpaka kileleni, halikukohoa. Fundi hana mke wa kuongea naye pale konani, sivyo? Siku ya soko iliyofuata, umeniambia mwenyewe, hakukuwa na mvuke wala harufu. Limetikisika, likazima. Dada, mimi nimeendesha gari la gia miaka mingi, na najua gari linalotikisika kisha likazima bila mvuke limefanywa nini. Mtu ameachia klachi ghafla, kwa makusudi. Na flaski, umeandika mwenyewe kwa mkono wako, ilikuwa tayari mapajani mwake.

Gari halikumbuki kona. Anayekumbuka ana miguu miwili na koti la kufutia vioo. Ndoto yako ilijua kabla yako: dereva ni yeye.

Umekaa miezi yote hiyo ukihofia kumpoteza kwa sababu ya gari, na kumbe mwenzako naye amekaa na hofu ile ile, anazima gari kila siku ya soko, anakuambia limechoka, kwa sababu hajui namna nyingine ya kumwambia mke wake, "Tukae kidogo tuongee." Mtu aliyemwogopa msichana wa skafu nyekundu bado anamwogopa. Ndiyo maana Gibeom alipomuuliza akasema, "Muulize mama yako." Hakuwa anakutupia mzigo. Alikuwa anataka kujua kama na wewe utaikosa ile kona.

Kwa hiyo usitengeneze. Bati likishaoza na breki zikishachoka, hiyo si huruma tena, ni ukaidi. Leo hii mpigie Gibeom, mwambie ukweli wa kioo, umwache akugombeze mpaka amalize, halafu umwambie anunue. Pikapu mpelekeeni Fundi Seo, papasa kiti cha pikapu kwa mkono, iambie asante, uondoke bila kugeuka sana. Yule samaki mweusi usimhamishie gari jipya, kazi yake ameimaliza, mrudishe baharini. Samaki wa gari jipya utamchagua mwenyewe kwenye chanja yenu, mkubwa, uzi ufunge wewe. Na siku ya tambiko, pombe ikishamwagwa kwenye matairi, usiombe kwa siri. Ulikosea hapo mwanzo, uliliambia gari kitu ambacho mume wako ndiye aliyepaswa kukisikia. Inama, na useme kwa sauti, yeye akiwa pembeni yako: "Utusimamishe." Gari la umeme nalo lina mahali pa kubonyeza likalala, Gibeom amekudanganya kidogo hapo. Mbele ya kona yenu, ukiteremka kidogo upande wa kijijini, kuna lile eneo la kupumzikia ambalo mgahawa wake ulifungwa. Napajua, nimepita. Pana nafasi ya magari, pana ukuta wa kuzuia upepo, na mto unausikia vile vile. Simameni hapo, mbonyeze, mshuke. Na ikifika siku mkasahau kusimama mkajikuta nyumbani, uzime televisheni wewe mwenyewe, ummiminie chai, umwambie, "Hebu niambie tena habari za ile treni." Atashtuka. Mwache ashtuke.

Uliniomba nisiisome barua hii siku ya soko. Leo ni siku ya soko. Nimeiweka barua mezani siku tatu nikiisubiri siku hii, na msamaha sikuombi.

Na wewe, bwana uliyekaa kwenye jiwe, jina lako silijui na wala sitalitafuta. Mke wako amelia njia nzima ya barua hii kwa kuogopa kunyamaziwa na wewe. Mtazame sasa hivi. Usiseme limechoka. Mwambie uliloshindwa kumwambia nyumbani, dakika moja inatosha, kisha mshike mkono mwingie garini, kwa sababu ukungu unashuka na hapo konani si mahali pa kukaa.

Geuza ufunguo, bwana. Wewe na mimi tunajua litawaka.