Kumbukumbu za Kikao cha Dharura cha Kamati ya Wapangaji Kuhusu Kobe wa Chumba Na. 2

TAREHE: Jumamosi, 14 Machi
MAHALI: Ukumbi wa chini, penye mita za umeme

WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti, Katibu, Fundi Cherehani (mlalamikaji), Mwalimu wa Baiolojia (chumba na. 9), Bibi Mkunga, mstaafu (chumba na. 2, mlalamikiwa)

HAKUHUDHURIA: Dereva wa chumba na. 5 (yupo kazini)

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 10:20 jioni, viti vilipopatikana, akaomba watu wazungumze kwa zamu.

KUMB. NA. 2: LALAMIKO
Fundi alieleza kwamba kobe wa Bibi aliingia kibandani kwake kwa mara ya pili, akalala juu ya suti ya mteja. Aliomba Kanuni ya 7 ifuatwe: "Mpangaji hatafuga mnyama; atakayekiuka atahama mwisho wa mwezi."

Bibi alijibu kwamba kobe aliachwa na marehemu mumewe na hawezi kumtupa. "Mkinitoa, tunatoka wawili." Aliongeza kwamba Fundi mwenyewe alipokewa naye siku ya kuzaliwa, "na alinisumbua kuliko kobe." Fundi aliomba maneno hayo yasiandikwe. Ombi halikuungwa mkono.

KUMB. NA. 3: KAMA KOBE NI MNYAMA
Mwenyekiti alisema jambo liko wazi: mnyama ni mwenye miguu minne, ndege ni ndege, samaki ni samaki, mdudu ni mdudu. Kobe anayo minne.

Mwalimu alieleza kwamba miguu si kipimo: chura anayo minne, nyoka hana hata mmoja. Hutazamwa kwanza uti wa mgongo. Wasio nao ndio wengi: wadudu, konokono, minyoo na wengineo. Wenye nao huwekwa katika makundi makuu matano: samaki, amfibia kama chura, reptilia, ndege, na mamalia, wanaonyonyesha. Kobe ana magamba makavu na hutaga mayai nchi kavu, kwa hiyo ni reptilia, kundi moja na nyoka na mamba. Fundi alisogeza kiti.

Bibi aliuliza, "Kwa hiyo, mwanangu, si mnyama?"

Mwalimu alisita, akajibu kwamba ni mnyama. Bibi alifunga mkoba wake.

Mwalimu aliomba asikilizwe hadi mwisho: makundi yote aliyoyataja ni ya wanyama, wadudu wakiwemo. Mwenyekiti aliuliza kuhusu njiwa wake wa barazani. Alijibiwa kwamba wamo. Fundi alicheka, hadi Mwalimu alipotaja samaki wa kwenye tangi lake. Fundi alipinga, akisema samaki ni kitoweo.

"Wale wa rangi, shemeji? Unawala lini?" aliuliza Mwenyekiti. Majibizano yaliyofuata hayakuhusu ajenda.

Bibi alitaka kujua binadamu yuko wapi. Mwalimu alisema yuko kwenye mamalia. Mwenyekiti alisema basi jengo zima lihame. Wajumbe walicheka, Bibi alikuwa wa mwisho kunyamaza, akajifuta macho.

KUMB. NA. 4: MAAZIMIO
Mwenyekiti alishusha pumzi, akakiri kwamba kanuni ilitungwa kwa haraka. Iliazimiwa kwa kauli moja kwamba Kanuni ya 7 isomeke: "Mpangaji atahakikisha kiumbe wake hasumbui majirani," na kwamba Bibi hatahama.

Fundi alijitolea kupigilia ubao wa kumzuia kobe mlangoni kwa Bibi. "Nitauweka mfupi, Bibi, usije ukajikwaa." Bibi alimwambia alete na hiyo suti ampigie pasi.

KUMB. NA. 5: MENGINEYO
Ilibainika kwamba Bibi alikwisha kufunga mizigo tangu asubuhi. Kikao kilifungwa saa 11:05 ili wajumbe wote wakasaidie kufungua. Kitanda kiliungwa, pazia likarudishwa dirishani. Kobe alikutwa ndani ya boksi la sufuria, amelala.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi)