Siku Moto Uliposhuka Vudee

Vudee,
Same.
Jumapili, 3 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Agatha,

Shikamoo shangazi. Za huko Sumbawanga? Na mguu unaendeleaje? Dada Careen aliniambia sasa unatoka hadi uani bila kushikwa mkono, nikamshukuru Mungu. Wajukuu hawajambo? Sisi huku tu wazima. Nalisema hilo mapema ili moyo wako utulie: baba mzima, watoto wazima, na kitongojini kwetu hakufa mtu.

Juzi kwenye simu ulilia, nami nikalia, salio likaisha hata hatujasema jambo. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Careen akusomee taratibu. Ukichoka, mwambie aweke, mtaendelea kesho.

Ni kweli, shangazi, nyumba ya babu, anamokaa baba, imeungua. Zimebaki kuta nyeusi na mabati yaliyojikunja kama majani makavu. Ndimo ulimozaliwa, na ndimo ulimotoka siku ya harusi yako, kwa hiyo sikuambii usilie. Lia tu. Hata mimi nilikaa pale kizingitini nikalia mpaka watu wakanifuata. Ila kaburi la bibi liko salama, ziliungua nyasi tu.

Nikueleze tangu mwanzo. Mwaka jana, moto mdogo ulipotokea msituni, mwenyekiti wetu wa kitongoji, mama Lea, alituita tukapanga. Tulifanya msaragambo, kitongoji kizima na majembe na mapanga, tukafyeka barabara ya kuzuia moto kandokando ya msitu, pana kiasi cha gari kugeuza. Tukakubaliana kwamba kengele ya kanisa ikigongwa bila kukoma, kila mtu akimbilie kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Kila mzee akapewa mtu wa kumchukua. Na upepo wa kiangazi ukianza, maji ya ndiva yasifunguliwe tena kwa mashamba, hata maharage yakinyauka.

Yakanyauka kweli, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Mgawa maji ni Sadock, yule jirani yetu wa juu. Baba alimwendea zamu yake ilipofika, Sadock akakataa kufungua. Unamjua kaka yako akikasirika. Alimwambia mbele za watu kwamba anamuua kwa njaa, na tangu siku hiyo hakuitikia salamu yake. Hata kanisani alihama benchi. Sasa, kwa vile nyumba zao zinatazamana, mama Lea alikuwa amempangia baba huyohuyo Sadock. Baba akasema ni heri aungue.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mwanzoni mwa Oktoba, jua la utosi. Nilikuwa shamba la chini niliposikia kengele. Nilipoinua macho, mlima wote wa juu ulikuwa moshi, na upepo ukivuma kwa hasira. Nani aliuwasha? Wengine wanasema walina asali, wengine wanasema mtu alikuwa akichoma shamba. Mimi sijui, na sitaki kumtwika mtu mzigo nisioujua.

Nilikimbilia shuleni, nikakuta walimu wameshawashusha watoto. Tukaingia ndivani, maji yakitufika magotini, watoto tukawaweka katikati, kanga na mashati tukayalowesha tukafunika pua. Mchana uligeuka kama jioni. Nikaanza kutafuta uso wa baba. Sikumwona. Nikataka kupanda kumfuata, mama Lea akanikamata kanga.

"Elirehema, wa kumchukua kashakwenda," aliniambia. "Ukipanda wewe, tutatafuta watatu."

Shangazi, sijawahi kusimama mahali kwa uchungu kama nilivyosimama pale.

Yaliyotokea huko juu amenisimulia baba mwenyewe. Ng'ombe wake alikuwa anazaa. Ndama alikaa vibaya, na baba alikuwa amepiga magoti zizini, ameshika miguu ya ndama, kengele anaisikia. Sadock akatokea mlangoni.

"Shikamoo mzee. Twende."

Baba hakugeuka. "Nenda kamwagie nyumba yako maji."

"Mke wangu ameshashuka na watoto. Huku juu umebaki wewe tu."

"Na huyu nimwache hivi?"

Baba anasema Sadock hakubishana naye. Alipiga magoti kando yake, wakavuta pamoja. Ndama akatoka, lakini alikuwa ameshakufa. Ng'ombe naye hakuweza kusimama. Wakamsukuma, wakamvuta, wapi! Cheche zilikuwa zimeshaanza kudondoka juu ya nyasi za zizi. Sadock akamshika baba kiunoni akamtoa kwa nguvu, na paa la zizi, likiwaka, likawaangukia mlangoni. Yeye ndiye aliyelizuia kwa mikono yake.

Moshi ulimlegeza baba, akashindwa kutembea, Sadock akambeba mgongoni. Waliposhika njia ya kuteremka, nyumba ya Sadock ilikuwa inashika moto mbele ya macho yao, na ghala la mahindi pembeni. Baba anasema aliuhisi mgongo wa Sadock ukishtuka, lakini miguu haikusimama.

Nilipowaona wakitokea kwenye moshi sikumtambua baba, nilidhani Sadock amebeba gunia. Niliruka nikawapokea. Sadock aliitumbukiza mikono majini, akatoa sauti ambayo sitaisahau.

Barabara ya moto iliokoa shule, kanisa na nyumba zote za chini. Za juu hazikuwa na bahati, upepo ulirusha cheche juu kwa juu. Alasiri upepo ukageuka, wanaume kwa wanawake tukatoka na matawi mabichi, tukaua moto uliobaki.

Sadock alilazwa Same, sasa amerudi. Mikono bado imefungwa, lakini daktari anasema vidole vyote vitafanya kazi. Baba, naye, siku za kwanza alikataa kutoka nje. Alikaa kwangu akitazama ukuta, chakula anagusa tu. Nikaogopa, shangazi, nikadhani moshi umemwingia rohoni.

Kisha tukaitwa kupanga msaragambo wa kujenga upya. Mama Lea akasema tuanze na nyumba ya baba kwa sababu ya umri wake. Baba akasimama na mkongojo wake.

"Muanze kwa Sadock," akasema. "Mimi nina binti wa kunilaza. Yeye ana watoto wadogo, na mimi ndiye niliyemuunguzia nyumba."

Sadock akasema, "Mzee, aliyeiunguza ni moto."

Baba akamwitikia, "Marahaba," kana kwamba ndiyo kwanza anaipokea ile shikamoo ya zizini. Watu walicheka, na wengi walikuwa wanafuta macho.

Nyumba ya Sadock imefika kwenye linta. Na kwa kuwa mikono yake haijapona, baba ndiye anayemshikia zamu za maji. Nilimwomba anifungulie kidogo kwa ajili ya mboga, akaninyima!

Wasalimie sana Careen, mumewe, na watoto wote. Mama Lea anakusalimu, na kwaya ya akina mama inakuombea mguu. Mvua za vuli zimeanza kunukia, mlima tayari una ukungu asubuhi.

Baba yupo hapa karibu, anachambua maharage. Nimemuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Amesema: "Mwambie dada yangu kwamba mimi sikumwita Sadock. Alikuja."

Mungu aliyetufunika siku ile akufunike na wewe huko uliko.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye kwa moyo wote,

Elirehema